Ndugu yangu aliye Dubai anataka kunichukulia mali kwa murabaha. Nimkubalie?

BiMitandio_Birere (Goma)

Assalam aleykum, na wasio Waislamu humu nawasalimu pia.

Nauza abaya, mitandio na mapazia hapa Birere. Tangu benki zetu zifunge milango vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, biashara yangu inakwenda kwa feza za kwenye simu na za mkononi. Nikihitaji noti, kambisti, yaani mbadilisha feza, anakata chake, na siku noti zikiadimika anakata anavyotaka. Anayetaka feza za benki avuke mpaka wa Petite Barrière aende Gisenyi, Rwanda, akapange foleni.

Mali yangu inatoka Dubai. Mdogo wangu yuko huko, ni dereva wa gari la kusambaza mizigo. Ananinunulia, anafunga mzigo, unapita Mombasa na Kampala mpaka hapa. Sasa amenipigia kusema kuna benki ya Kiislamu inaweza kumpa murabaha ya dirhamu 15,000, yaani benki inunue mali kisha imuuzie kwa bei ya juu, alipe 16,200 kwa mwaka mmoja, na mimi ndiye nitakayemtumia kila mwezi. Anasema si riba kwa sababu benki haikopeshi feza, inauza mali.

Nilichukua kikokotoo. Ile 1,200 ya juu ni asilimia 8. Jirani yangu wa kibanda, kabla ya vita, alikopa benki ya kawaida na aliniambia asilimia ambayo haiko mbali na hiyo. Tofauti iko wapi basi? Marehemu mume wangu alikataa Banque Lambert, ile mikopo ya mtaani, maisha yake yote, hata mwaka ule mtoto alipolazwa. Mnajua jinsi ile inavyokwenda: unachukua dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150, na mwalimu wa shule anaacha kadi yake ya mshahara kwa mkopeshaji. Sitaki jambo alilolikimbia yeye liniingilie kupitia mlango wa Dubai.

Naomba wenye elimu wanijibu mambo mawili. Je, hii ni halali kweli? Na mtu wa mshahara kama wa mdogo wangu, benki hizo zinampokea? Nasikia kule Uarabuni ndiko zilikozaliwa, kwa hiyo nadhani watu wote wanazo.

MzeeWaKasongo (Kindu)

Wa aleykum salaam mwanangu. Hesabu yako ni sahihi, lakini asilimia pekee haitakuonyesha kama ni riba. Wala riba walisema hayohayo, kwamba biashara na riba ni kitu kimoja, na Sura ya Al-Baqara aya ya 275 ikawajibu kwamba Mungu amehalalisha hii na kuharamisha ile. Muuzaji anaruhusiwa kupata faida, na wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya kulipa polepole iwe kubwa kuliko bei ya taslimu, mradi mmekubaliana bei moja kabla ya kuachana.

Kinachoifanya iwe biashara ni kwamba muuzaji ana mali, na mali hiyo ikipotea mikononi mwake hasara ni yake. Basi mwambie mdogo wako aulize: ankara ya duka la jumla itaandikwa jina la nani? Zile abaya zikiungua ghalani kabla hajakabidhiwa, nani analia? Kama ni benki, hiyo ni murabaha. Mara nyingi benki inamfanya mteja mwenyewe awe wakala wake. Anakwenda dukani, ananunua kwa niaba ya benki, halafu jioni ileile anajiuzia. Kanuni zinaruhusu uwakala, lakini hapo ndipo murabaha nyingi zinapobaki kuwa karatasi. Asome kila ukurasa kabla ya kutia sahihi.

Akichelewa kulipa, ile 16,200 haipandi. Wanaweza kumtoza faini ya kumkumbusha, lakini kwa kanuni za AAOIFI, chombo cha Bahrain kinachoandika viwango vya benki hizi, faini hiyo inakwenda kwenye sadaka, haiingii kwenye faida ya benki. Hilo nalo alitafute ndani ya mkataba.

Nilisoma Khartoum, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, pamoja na vijana wengi wa Maniema. Sudan iligeuza mfumo wake wote wa benki kuwa wa Kiislamu miaka ya 1980. Vijijini nilikuta kitu wanachokiita sheil, ndugu kabisa wa Banque Lambert yetu. Njaa ikibana kabla ya mavuno, mfanyabiashara anampa mkulima sukari, mbegu na pesa kidogo, kisha wakati wa mavuno anabeba ufuta wake kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Benki zikaja na salam: mkulima analipwa bei yote siku ya mkataba, anakabidhi mazao baadaye, aina, kipimo na tarehe vikijulikana. Wakulima wakalalamika kwamba bei ya mkataba nayo ni ndogo, na bei ya soko ikipanda wao ndio wanaoumia. Ikabidi liwekwe sharti kwamba bei ya soko ikipishana na ya mkataba kwa zaidi ya theluthi moja, aliyeumia anafidiwa. Nakueleza haya ili usiridhike na jina la benki. Mkataba unaweza kuwa halali na bado ukamkaba maskini.

KijanaWaDeira (Dubai)

Dada, mimi ni wa Majengo hapohapo Goma, niko huku nafanya kazi ghalani. Nitasema kama mdogo wako mwenyewe.

Kwanza, hiyo anayoiita murabaha ya mali, una hakika ndiyo? Mfanyakazi wa mshahara akiingia benki ya Kiislamu kuomba feza, mara nyingi anachopewa ni mkopo binafsi wa njia ya tawarruq. Benki inakuuzia madini yaliyo ghalani huko mbali, yanauzwa tena papo hapo kwa niaba yako, na wewe unaona dirhamu tu zimeingia kwenye simu. Madini hayo hutayaona maisha yako yote. Kama mdogo wako ameambiwa atapata feza mkononi akanunue anachotaka, basi hiyo siyo biashara ya abaya.

Pili, kuhusu kupokelewa. Dubai Islamic Bank iko hapa tangu 1975, na zipo nyingine nyingi. Milango iko wazi, kiyoyozi kinapuliza, lakini wanataka cheti cha mshahara, na benki ina kiwango chake cha chini. Wengi tunaolala watu sita chumba kimoja hatufiki hapo. Tangu 2009 serikali inamlazimisha mwajiri kulipa mshahara kupitia mfumo unaosimamiwa, na hilo limetusaidia sana, maana bosi hawezi tena kusema amekulipa wakati hajakulipa. Lakini wengi wetu mshahara unaingia kwenye kadi tu. Unatoa kwenye mashine, unapeleka duka la kubadilisha feza kutuma nyumbani, basi. Huweki akiba humo, hukopi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Ukaazi wake umefungwa na kazi yake. Kazi ikiisha, viza inaisha, lakini deni linabaki kwa jina lake, na deni lisilolipwa linaweza kumzuia kutoka nchini. Wewe uko Goma, kambisti akikosa noti mwezi mmoja, barabara ikifungwa mwezi wa pili, yeye ndiye atakayesimama mbele ya benki. Tafadhali dada, usimwache atie sahihi.

Papa_Kyeshero (Goma)

Mimi ni Mkristo, niwie radhi kama nakosea adabu. Nauliza kwa moyo mweupe. Kama mashekhe wenyewe wanakubali hayo madini ya mbali, mteja wa kawaida atajuaje kuwa amedanganywa?

MzeeWaKasongo (Kindu)

Hujakosea adabu, Papa. Hawakubaliani wote. Akademia ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao Jeddah ilikaa Sharjah mwaka 2009 ikasema tawarruq ya kupangwa na benki haifai. Benki nyingi za Ghuba zinaendelea nayo kwa sababu bodi zao za sharia zinaipitisha. Na Misri, mwaka 2002, chombo cha utafiti cha Al-Azhar kiliona faida inayopangwa mapema na benki inafaa, jambo ambalo wanazuoni wengi duniani wanalipinga mpaka leo. Kwa hiyo mteja aulize fatwa ya bodi ya benki ile, aisome, ampelekee mtu anayemwamini. Ni kazi, lakini ni dini yake na ni feza zake.

Mhasibu_Nyawera (Bukavu)

Naomba nimjibu mama kuhusu kwamba kule watu wote wana benki. Hapana, mama. Kwenye takwimu za Findex za Benki ya Dunia, Misri mwaka 2021 ni asilimia 27 tu ya watu wazima waliokuwa na akaunti. Moroko 44. Yemen mwaka 2014 haikufika hata 7. Imarati ilikuwa 88 mwaka 2017. Hizo zote ni nchi za Kiarabu, na ona zilivyoachana. Wapo wanaosema hawana akaunti kwa sababu ya dini, lakini wengi zaidi wanataja kukosa feza za kuweka. Moroko iliruhusu benki zake za Kiislamu, shirikishi ndivyo wanavyoziita, kuanza kazi 2017. Zimewafaa waliokuwa wanataka nyumba bila riba, lakini mwanamke wa mlimani asiye na kipato cha kuandikwa hazijamfikia kwa sababu tu jina limebadilika.

Na inanihuzunisha kwa sababu mwanzo wake ulikuwa kwa watu kama hao. Mwaka 1963, Mit Ghamr, mji wa Delta ya Nile huko Misri, Ahmed El-Naggar alifungua benki ya akiba. Alikuwa amesoma Ujerumani, akaziona benki za akiba za miji midogo ya kule. Wakulima na mafundi wa Mit Ghamr waliweka piasta chache chache, na mwenye kuweka akiba aliweza kukopeshwa bila riba. Feza nyingine ziliingizwa kwenye biashara kwa kugawana faida. Hakuandika neno Uislamu mlangoni, serikali ya Rais Nasser isingependa. Iliisha 1967. Zilizofuata, zile kubwa za Ghuba, zilikuja na feza za mafuta na zikawatazama wenye mishahara na wenye majengo.

Likelemba yetu ya kina mama, ya kuchangiana feza kwa zamu, hapa Nyawera iko karibu na Mit Ghamr kuliko benki nyingi zenye jina la Kiislamu. Nasema hivyo nikiwa nazipenda benki hizo na nikitaka moja ifike hapa Kivu.

Nyongeza kidogo. Lebanon walikuwa na akaunti asilimia 45 mwaka 2017, na 2021 wakabaki 21, baada ya benki kuwafungia watu akiba zao. Sisi wa Goma na Bukavu tunaelewa mtu kuwa na feza zilizoandikwa na asiweze kuzigusa.

MzeeWaKasongo (Kindu)

Umenikumbusha Khartoum. Vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, matawi ya benki yaliporwa, yakafungwa. Kilichowashikilia watu ni Bankak, programu ya simu ya Bank of Khartoum. Rafiki zangu waliokwama mjini waliletewa feza na ndugu zao kwa Bankak, wakamlipa mwenye duka la mkate kwa Bankak. Waliotaka noti walikatwa, tena sana, kama kambisti wa Birere anavyokata. Intaneti ilipozimwa Februari 2024, hata mkate ukawa shida. Benki ya Kiislamu kabisa, lakini shida ni ileile. Anayemuuzia mwenye njaa noti zake mwenyewe kwa bei anayotaka, nalo ni jambo la kuwauliza mashekhe wetu, na sijawasikia wakilisema mimbarini.

BiMitandio_Birere (Goma)

Mungu awalipe nyote. Nimempigia mdogo wangu, nimemwambia asome karatasi. KijanaWaDeira alisema kweli: ni tawarruq, neno limeandikwa ukurasa wa pili, na feza zingeingia kwenye kadi yake. Tumeacha.

Sasa shangazi yetu wa Kigali ana dola 3,000 zimekaa bure. Amesema tuingie pamoja, feza zake, kazi yangu. Tumepatana atapata dola 200 kila mzigo ukifika. Hiyo inakuwa sawa?

MzeeWaKasongo (Kindu)

Ushirika ni mzuri mwanangu, lakini hiyo dola 200 iondoeni. Mkimwekea kiasi kilichofungwa, mzigo ukitoa faida ya 150 utamlipa kutoka mfukoni mwako, na hapo mmerudi kwenye mkopo wa riba. Ushirika wa feza za mmoja na kazi ya mwingine unaitwa mudharaba, na malipo yake ni fungu la faida: aseme nusu kwa nusu, au yeye 40 na wewe 60, mnavyoridhiana. Faida isipopatikana, hakuna anayemdai mwenzake. Mtaji ukipotea bila uzembe wako, hasara ya feza ni ya shangazi, na wewe umepoteza jasho lako. Mweleze hilo waziwazi kabla hajatoa hata dola moja, kwa sababu shangazi wengi wanalisikia kwa mara ya kwanza siku mzigo ulipopotea. Kodi ya njiani na gharama za Mombasa zitolewe kwanza ndipo mgawane. Andikeni karatasi mbili, wekeni mashahidi wawili, na wewe uwe na daftari lake peke yake, usilichanganye na mauzo yako mengine ya kibandani.

Mhasibu_Nyawera (Bukavu)

Daftari nitakusaidia kulipanga, mama, bila malipo. Andika bei ya kununulia kwa dirhamu na kwa dola siku ileile, na makato ya kambisti yawe na safu yake. Wengi wanayasahau, kisha wanagawana faida ambayo haipo.