Tupeane uzoefu: taasisi yako ilipoanza kuzorota, imani ilikushika wapi?

Bwana Yesu asifiwe wadau. Nina miaka 11 kwenye chuo kimoja cha kanisa. Nilikikuta kinang'ara. Sasa mishahara inachelewa, walimu wazuri wameondoka, na vikao vimebaki vya kutafuta mchawi. Mistari ya kubandika ukutani nimeshabandikiwa sana. Naomba mliyoyapitia wenyewe.

Naanza mimi. Barua ya kuacha kazi nilishaiandika, iliyonizuia ni Yeremia 32. Wababeli wameuzingira Yerusalemu, nabii Yeremia kafungwa kwa kutabiri kwamba mji utatekwa, halafu binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba la kijijini kwao, Anathothi. Biashara gani hiyo wakati adui yuko ukutani? Analipa shekeli 17 za fedha, mashahidi wanatia sahihi, hati inawekwa kwenye chombo cha udongo ikae siku nyingi. Na mji ukaanguka kweli! (Hapo ndipo wahubiri wengi huparuka.) Mimi chombo changu ni kabati la mafaili. Nimeamua matokeo ya kila mwanafunzi yawe sahihi, akague mtu asikague.

mama_zamu: Mimi ni nesi. Kuna kipindi tulibaki wawili kwa wodi nzima usiku. Kabla ya kuingia tulisoma Maombolezo 3, kwamba rehema zake ni mpya kila siku asubuhi. Siku nyingine sikuamini, nakiri. Nilinawa mikono nikaingia hivyo hivyo. Alfajiri moja bibi mgonjwa alinishika mkono: "Mwanangu, bado upo?" Nipo, bibi.

Mtoka_nje: Mimi niliondoka na sijutii. Kwetu haukuwa uzorotaji, ulikuwa wizi, na ukiuliza unaambiwa "tuombe". Mkuu, rudi nyuma kidogo, sura ya 7. Yeremia huyo huyo anasimama mlangoni anawaambia waache kujitumainia "hekalu la Bwana, hekalu la Bwana", nyumba imeshakuwa pango la wanyang'anyi. Nilipoacha kuchanganya jengo na Mungu ndipo nilipoweza kusali tena.

Mleta mada: Umenipata hapo, mkuu. Nilikuwa nasoma 32 bila 7. Kuna faili moja la fedha nimelikalia tangu mwaka jana. Kesho nalipeleka kwa bodi, liwalo na liwe.

besi_mzee: Shikamooni walionizidi, kama wapo. Kwaya yetu ilikuwa na watu 40, tumebaki 6. Ezra 3 inasema msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wazee waliokuwa wameliona la kwanza walilia huku wengine wakishangilia, hata sauti zisitofautike. Jumapili zetu ndivyo zilivyo. Ila kuna kijana wa miaka 14 kajiunga. Hajui kama tumeanguka, anadhani kwaya huwa ya watu 6. Juzi kaniuliza: "Babu, kwa nini tusifanye mazoezi mara mbili kwa wiki?"