Nina siku mbili Marrakech, niende kile kijiji cha udongo ama nikae tu mjini?

Wa_Kondele
Wadau habari zenu. Kazini wananituma semina Moroko mwezi wa kwanza, inaisha Ijumaa na ndege ya kurudi ni Jumatatu asubuhi, kwa hivyo Jumamosi na Jumapili ni zangu. Sasa kuna hiki kijiji cha Waberberi kinaitwa Aït Benhaddou, zile nyumba nyekundu za udongo zimepandana mlimani na ukuta umezizunguka, nimekiangalia kwa simu mpaka nikaota niko huko. Mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja? Na ngamia wako hapo hapo? Mama watoto amesema bila picha juu ya ngamia kwa mchanga nisirudi Kisumu. Bajeti ni ya mtu wa mshahara jameni.

Shiru_Nakuru
Nilienda. Kwa kilomita ni kama Nakuru Kisumu, 180 hivi, lakini ni masaa karibu manne sababu ya kona. Mnapanda mlima mpaka Tizi n'Tichka, mita 2,260, na usiogope urefu maana Timboroa yetu iko juu kuliko hapo, shida ni mwezi wa kwanza theluji inaweza kufunga barabara, so uliza kabla hujalipa. Siku moja inawezekana ila utafika saa sita jua likiwa kali, pamejaa watalii wa mabasi, unakimbizwa unarudi. Lala huko Jumamosi. Jioni mabasi yakishaondoka ule ukuta unageuka rangi kama chai ya rangi, hapo ndio utajua kwa nini watu wa sinema hawatoki huko. Wengi wa wenyeji walishahamia ng'ambo ya mto kwa nyumba za kisasa, ndani zimebaki familia chache.

Mchanga sahau, hapo ni mawe na udongo mkavu. Yale matuta ya picha yako Merzouga, zaidi ya kilomita 500 kutoka Marrakech.

Na ujichunge na draiva. Wetu alitusimamisha kwa duka la mazulia saa nzima, tunapewa chai ya mnanaa imejaa sukari, tunakunjuliwa zulia moja baada ya lingine na hakuna mtu aliuliza. Mimi pesa yangu niliitoa kwa mzee mmoja kichochoroni, anachora na maji ya zafarani na chai, karatasi ukiiangalia ni kama imemwagikiwa tu, halafu anaipitisha juu ya moto wa gesi na nyumba zinatokea polepole, kahawia, moja moja. Niko nayo ukutani mpaka leo.

Fundi_Butere
Mulembe. Dada Shiru, hizo kuta wanakandika kama sisi ama ni matofali?

Shiru_Nakuru
Fundi si kukandika. Chini wanasimamisha mbao mbili, wanajaza udongo katikati, wanashindilia kabisa, wanapandisha mbao juu wanarudia. Juu kwenye minara ndio kuna matofali mabichi ya kukaushwa na jua, wameyapanga yakatoa mapambo. Paa ni bapa, magogo na matete halafu udongo. Kule kileleni kabisa kulikuwa na ghala la kijiji, wanaliita agadir.

Fundi_Butere
Sawa, nimeelewa. Yaani stoo ya nafaka ndio wameiweka juu kabisa, adui akimaliza kupanda amechoka 😂 Lakini udongo hivyo lazima warudie kila mvua ikinyesha, ukiacha miaka michache inayeyuka. Huku Butere isingemaliza msimu mmoja. Na lile tetemeko la Septemba 2023?

Shiru_Nakuru
Liliguza, kuna kuta zilipasuka na zingine zikaanguka. UNESCO walikiandikisha hicho kijiji kama urithi wa dunia tangu 1987, lakini hiyo haizuii ukuta kuanguka.

Nyar_Migori
Omera wa Kondele, nikuulize kwa heshima, Thimlich Ohinga umefika? Iko hapa Migori, UNESCO 2018, kuta za mawe zimepangwa bila saruji wala udongo, mahali pengine zinapita mita nne na zimesimama miaka kama 500. Milango wameifanya mifupi makusudi, adui lazima ainame, na akiinama kichwa chake ndicho kinatangulia. Unavuka jangwa na hii iko nyuma ya nyumba yako.

Wa_Kondele
😂😂 Sijafika, nakiri. Nilikuwa nadhani ni boma tu la zamani. Basi nimekata shauri, Jumamosi nalala Aït Benhaddou, Jumapili narudi Marrakech mapema sababu ya theluji, mazulia sinunui. Shida imebaki kwa mama watoto na ngamia. Nyar Migori, hiyo Thimlich nikitoka Kisumu alfajiri Jumapili moja inatosha?

Nyar_Migori
Inatosha. Beba maji na usije na viatu vya ofisi. Ngamia hatuna, kuna mbuzi, muulize kama atakubali.