Tulilipa "kila kitu ndani", getini tukalipishwa tena: safari ya maporomoko ya Shimba Hills

Wanajamvi, salamu baadaye. Leo nina moto.

Jumamosi nilikwenda na shangazi yangu Shimba Hills, hifadhi ya wanyama kule Kwale, kuyaona maporomoko ya Sheldrick. Aliyetupeleka ni mratibu mmoja wa safari za wikendi hapa Mombasa, jina nalihifadhi kwa sasa. Tangazo lake la WhatsApp: "Matembezi mafupi, mepesi, hata wazee wanaweza. Kila kitu ndani." Shangazi ana miaka 63 na goti bovu, kwa hivyo kabla ya kulipa nikapiga simu kuuliza njia ikoje. "Dada, ni kama kutoka Makadara kwenda Marikiti, hapa hapa mjini." Shangazi akavaa makubadhi.

Tuliambiwa tukutane ng'ambo ya feri, Likoni, saa kumi na mbili u nusu. Gari likaja saa tatu na robo. Hilo nililimeza, mahamri yalikuwepo.

Si mbali, ni kilomita 33 hivi. Unashika barabara ya Ukunda, unakata kulia Kombani, unapanda hadi Kwale. Tulipofika getini ndipo "kila kitu ndani" kilipotoka nje. Hakuwa amemlipia mtu hata mmoja! Na pale hapapokewi pesa taslimu, ni eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni, na mtandao nao unakuja ukipenda. Watu 24 juani, simu hewani, tunalipa mara ya pili. Kumuuliza, eti "kila kitu" maana yake gari na maji. Maji yenyewe chupa moja ya nusu lita.

Haya, njia sasa. Kutoka juu hadi kwenye maji ni kama kilomita 2 ndani ya msitu, na hushuki bila askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) mwenye bunduki, maana ndovu wapo. Kinyesi chao kibichi tulikiruka. (Askari yule simlaumu kwa lolote, Mungu amzidishie.) Kushuka ni raha: kivuli, vipepeo, na kule chini maji yanaanguka mita 20 na ushei. Hata miguu haijalowa vizuri, mratibu anapiga filimbi, tumechelewa. Tumecheleweshwa na nani?

Na kila ulichoshuka utakipanda. Hilo halikuwa kwenye tangazo. Saa saba mchana, mizizi, udongo unateleza, na gidamu ya kubadhi la kulia ikakatika njiani. Shangazi alipanda mguu mmoja peku, mkono mmoja kwa askari, mmoja kwangu, anapumzika kila hatua kumi. Mratibu yuko mbele anajipiga picha. Kupanda tu kulichukua muda wa saa moja na nusu! Alipofika juu hakusema neno, na anayemjua shangazi anajua kimya chake ni kibaya kuliko matusi.

Nimedai pesa zangu za geti. Nimejibiwa: "Samahani sana, tutakupa punguzo la asilimia 10 safari ijayo, inshallah." Safari ijayo ipi? Mtu hajashuka ngazi tangu Jumamosi, goti linakandwa kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni.

Mliokuwa kwenye gari lile, hifadhini jumbe zenu za malipo ya getini. Kesho baada ya Alasiri naenda ofisini kwake. Shangazi amesema hata kwa kubebwa, naye atakuja.