Mwigizaji, msanii au mhusika: tuandike lipi katika kijitabu cha onyesho?

Mhariri wa Tanga

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga kinajiandaa kuonyesha tamthilia ya *Kinjeketile*, nami nimepewa kazi ya kusahihisha kijitabu kitakachogawiwa watazamaji mlangoni. Nakala ya kwanza iliyotoka kwa mpiga chapa ina ukurasa wenye kichwa "Wahusika", na chini yake yamepangwa majina na picha za vijana wetu. Nilipopendekeza "Waigizaji", mwenzangu mmoja alisema neno hilo linawashusha, kwa kuwa mtaani kuigiza ni kujifanya, akataka tuandike "Wasanii". Mwingine anashikilia "Wachezaji", kama walivyoitwa zamani watu wa michezo ya redio. Tena tunabishana kama ni mwigizaji au muigizaji, maana magazetini tunayaona yote mawili. Naomba mnisaidie kwa sababu zinazoeleweka, kwa kuwa kijitabu hiki kitasomwa na wanafunzi wa sekondari watakaokuja na walimu wao.

Mwalimu wa Fasihi

Ndugu Mhariri, tamthilia mliyoichagua inajibu nusu ya swali lako. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, ni mhusika, na mwandishi mwenyewe alieleza kwamba huyu ni zao la ubunifu wake, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Kisha yuko kijana wenu atakayepanda jukwaani usiku huo na kutetemeka kama mtu aliyepandwa na roho aitwaye Hongo: huyo ndiye mwigizaji. Hao ni watu watatu, na ukiandika "Wahusika" juu ya picha ya kijana, unamfuta yeye aliyekesha mazoezini na kumbakiza aliyebuniwa. Nadhani kosa linatoka vitabuni, kwa sababu tamthilia zilizochapishwa hutanguliza orodha ya wahusika, na anayetengeneza kijitabu hukinakili kichwa hicho bila kukumbuka kwamba kitabuni bado hajapatikana wa kumtia mhusika sauti na mwili.

Kuhusu tahajia, andikeni mwigizaji. Kiambishi mu- kikikutana na shina linaloanza na i hugeuka mw-, ndiyo maana tuna mwimbaji, mwindaji na mwizi. Hubaki mu- mbele ya u, kama katika muuguzi na muumini. Naamini kinachowapotosha wengi ni neno uigizaji, ambalo kwa kweli halisemwi wigizaji, basi mtu akishalizoea hulitia m mbele akapata muigizaji.

Hoja ya kwamba neno linawashusha siiafiki hata kidogo. Anayeiga hufuata akionacho, kama mtoto anayeiga mwendo wa babu yake. Anayeigiza hulichukua jambo lisilokuwepo akalifanya litokee mbele ya watu. Ni kweli watu husema "hayo ni maigizo tu" wanapohisi wanadanganywa, lakini msanii naye hakusalimika, maana "usiniletee usanii" ni lawama ileile. Isitoshe, msanii ni jina pana mno: mchonga vinyago ni msanii, mchoraji wa Tingatinga ni msanii, na mwimbaji wa taarabu vilevile. Litumieni kwa kikundi kizima, pamoja na wapiga ngoma na washona mavazi, lakini ukurasa wa picha uwe wa waigizaji.

Mkongwe wa Redio

Mwanangu Mhariri, mimi nilicheza michezo ya redio kwa miaka mingi, na hatukuwa tukisema tunaigiza. Tulisema leo kuna mchezo, nani anacheza baba, nani anacheza mama mkwe. Tulizunguka maikrofoni moja, karatasi tumezishika kwa ncha za vidole zisichakarike, na aliyekufa ndani ya mchezo alirudi nyuma akinyata bila viatu ili asisikike akitembea. Kwa hiyo kwangu mchezaji ni jina la heshima. *Twende na Wakati* ulipoanza Redio Tanzania mwaka 1993, wasikilizaji waliujua kuwa ni mchezo wa redio. Hata hivyo, katika mji wa Coastal Union ukiandika "Wachezaji", msomaji atauwaza mpira kwanza. Kitenzi kimebaki kwetu, jina limehamia uwanjani, na mimi nimekubali.

Ninaloomba ni kwamba msiwaite wale wa sehemu za kuchekesha "wachekeshaji" wakati wenzao mnawaita waigizaji. Hapo Tanga mlikuwa na Amri Athumani, King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018. Wengi humwita mchekeshaji, nami sikatai, ila neno hilo linataja yaliyowapata watazamaji na kuiacha kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, ya kuwa mtu mwingine mpaka ukaamini.

Msomaji wa Mombasa

Naongeza dogo tu. Msiandike "waigizaji wa kike" katika orodha, kwa kuwa mwigizaji katika Kiswahili ni mwanamke na ni mwanamume. Na mwigizaji anayeongoza asiitwe "steringi", maana hilo ni neno la vibanda vya video na humtaja yule mtu wa ndani ya filamu asiyekufa. "Mwigizaji mkuu" linatosha. Mkimsifu kwa neno nyota, basi ni nyota huyu, wala si nyota hii, kwa kuwa ni mtu.

Mhariri wa Tanga

Nawashukuru sana, Mwalimu, Mzee wangu na ndugu wa Mombasa. Kesho asubuhi narudi kwa mpiga chapa. Kichwa kitakuwa "Waigizaji": kushoto jina la kijana, kulia jina la mhusika wake, Kinjeketile, Kitunda na wengine. Mwalimu alipowataja wapiga ngoma niliipitia nakala upya, nikaona kwamba wetu wanne hawamo popote, wala aliyeshona mavazi. Nao watapata ukurasa wao.