Gego lililotibiwa mzizi limeota usaha tena: kurudia, kukata ncha, au kung'oa na kuweka implanti?

MwanaMagomeni

Wakuu, salama? Naomba mawazo, hasa ya waliopitia.

Nina gego la juu kulia, lile kubwa la kwanza. Lilitibiwa mzizi miaka kadhaa nyuma, likazibwa tu, kofia (gamba gumu la kufunika jino) halikuvishwa. Haliumi. Ila juu yake kwenye fizi huota kijipu, kinapasuka, mdomo unajaa ladha mbaya ya usaha, kinanywea, kisha kinarudi palepale. Eksirei inaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi.

Nimeonana na madaktari wawili na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anataka ang'oe, mfupa ukipona aweke implanti (jino la bandia linalosimama juu ya skrubu iliyopandwa kwenye mfupa), milioni tatu na ushee. Wa pili anasema jino lililobaki bado linatosha: atoe kijazio cha zamani, asafishe upya mifereji iliyo ndani ya mizizi, avishe kofia. Yote laki tisa. Bima yangu inalipa kung'oa tu. Nina miaka 38, sina kisukari, sivuti sigara. Mngekuwa mimi mngeshika njia ipi?

Chuma Chakavu

Ng'oa mkuu, ulale usingizi. Laki tisa kwa jino moja wakati una mengine yamejaa mdomoni? Mimi la chini nyuma niliaga zamani na nyama choma nakula kama kawaida.

Bint Ngamiani

Wewe uling'oa la nyuma kabisa, lisilotegemewa na mtu. Gego la kwanza ndilo linalobeba kazi ya kutafuna. Ukiacha pengo juu, lile la chini linalokutana nalo huanza kupanda kwa kukosa wa kumzuia, na la nyuma yake hulala kuelekea kwenye pengo. Mama yangu yalimkuta hayo, alipotaka jino la bandia baadaye nafasi ikawa imeshaharibika. Kung'oa ni rahisi siku ya kwanza tu, MwanaMagomeni.

Dawa ya Jirani

Kabla hujatoa mamilioni meza amoksilini na metronidazo wiki nzima. Kijipu kitakauka.

Tabibu wa Zamu

Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Nianze na hili la vidonge. Usaha wako unatoka ndani ya mzizi, na ndani ya jino lililotibiwa mzizi hakuna tena mishipa ya damu ya kuifikisha dawa huko. Kijipu kitanywea, wadudu watabaki, na kitarudi. Antibayotiki zina mahali pake: uvimbe unapoenea usoni, homa inapopanda, au tezi za shingo zinapovimba. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo.

Sasa swali lako. Watu hulinganisha "kurudia" na "implanti" kana kwamba ni simu mbili dukani. Kinachoamua ni sababu ya tiba ya kwanza kushindwa, na kwa maelezo yako sioni daktari yeyote kati ya hao wawili aliyekutajia sababu.

Gego la juu la kwanza lina mizizi mitatu, lakini mifereji mara nyingi huwa minne. Mzizi wa mbele upande wa shavu huficha mfereji wa pili mwembamba sana, na asiyetumia hadubini au miwani ya kukuza huupita kwa urahisi. Mfereji usiosafishwa ni hifadhi ya wadudu. Hiyo ndiyo sababu ninayoishuku kwanza kwenye jino hili hasa. Ya pili ni hiyo kofia ambayo haikuwekwa: kijazio kikianza kuvuja, mate yanaingia na wadudu wanarudi hata kama mifereji ilisafishwa vizuri. Ya tatu, kijazio cha ndani kuishia njiani kabla ya kufika karibu na ncha. Zote hizo zinarekebishika kwa kurudia.

Isiyorekebishika ni mzizi uliopasuka kwa urefu. Daktari hupitisha kijiti chembamba cha kupimia kuzunguka fizi. Kikizama ghafla mahali pamoja tu huku kwingine kote fizi imeshika, ufa unashukiwa. Hapo kurudia ni kutupa hela. Jambo jingine la kupima ni ukuta wa jino uliobaki. Kofia inahitaji ishike ukuta wa jino wenye afya, wa kimo cha kama milimita 2, kuzunguka kote, la sivyo itang'oka au jino litavunjika ndani yake.

Kwa hiyo omba vitu viwili: kipimo hicho cha fizi, na picha ya pande tatu, CBCT. Eksirei ya kawaida hulaza mizizi yote mitatu mmoja juu ya mwingine, huwezi kuona mfereji uliorukwa.

Kijana wa Ruiru

Daktari amesema ukweli kuhusu ufa. Langu lilikuwa limepasuka mzizi, hakukuwa na kitu cha kuokoa, nikawekwa implanti hapa Nairobi. Leo iko sawa, natafuna nayo. Lakini msidhani ni kung'oa leo na kuondoka na jino kesho. Kidonda kipone kwanza, skrubu ya titani ipandwe, halafu ungoje miezi ishikane na mfupa ndipo jino la juu lifungwe. Na kwa vile langu pia lilikuwa la juu nyuma, mfupa ulikuwa mfupi chini ya sinasi (uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu), ikabidi niongezewe mfupa. Hiyo ni bili tofauti kabisa na ile niliyoambiwa mwanzo! MwanaMagomeni, uliza kama hiyo milioni tatu imejumlisha mfupa.

MwanaMagomeni

Haijajumlisha. Nimempigia sasa hivi, anasema "tutaona tukishang'oa".

Mkunazini

Mimi huogopa hili jambo la kubaki na jino lililokufa mdomoni. Nilitumiwa video inasema yanaleta saratani na maradhi ya moyo, bora yatolewe yote.

Tabibu wa Zamu

Mkunazini, hiyo hoja ina zaidi ya miaka mia. Daktari wa meno wa Marekani, Weston Price, aliieneza miaka ya 1920, na watu wengi waling'olewa meno wakitarajia kupona magonjwa mengine, hawakupona. Majaribio yake hayakusimama yaliporudiwa kwa utaratibu bora. Jino lenye usaha litibiwe au litolewe, hilo halina ubishi. Lililosafishwa na kupona halina haja ya kuogopwa.

Mzee Kipara

Mbona hamjataja njia ya tatu? Mimi langu la mbele lilikuwa na kofia nzuri na kipini cha chuma kimezama ndani ya mzizi. Daktari akasema kukitoa kile kipini anaweza kuuvunja mzizi wenyewe. Akapitia upande wa fizi: ganzi, akaifunua, akakata ncha ya mzizi kama milimita 3 pamoja na kile kinyama kilichooza, akaziba mzizi kwa nyuma na saruji yao inayoitwa MTA, akashona. Uso ulivimba siku chache. Kofia yangu haikuguswa.

Tabibu wa Zamu

Shukrani, Mzee. Hiyo ni njia nzuri panapokuwa na sababu kama yako. Kwa MwanaMagomeni nisingeanza nayo. Hana kofia wala kipini cha kulinda, mlango wa kuingilia upo wazi. Na ukikata ncha huku mfereji mzima umejaa uchafu, umeziba mdomo wa mtaro tu. Tena gego la juu lina mzizi upande wa kaakaa, si kila mpasuaji hufurahia kuufikia.

Kijana wa Ruiru

Daktari, tupe basi takwimu. Kurudia kunafaulu mara ngapi?

Tabibu wa Zamu

Tiba ya kwanza ya mzizi hufaulu takriban mara 9 kati ya 10. Kurudia hushuka, karibu 8 kati ya 10 au chini kidogo, na kivuli kwenye ncha kikiwa kikubwa hushuka zaidi. Implanti utasikia zaidi ya 9 kati ya 10 baada ya miaka 10. Hapo ndipo wauzaji wa implanti hupenda kusimama. Lakini hizo namba hazipimi kitu kimoja. Ya implanti huhesabu kama bado ipo mdomoni, hata fizi yake ikiwa imewaka na mfupa umeanza kuliwa pembeni. Ya mzizi mara nyingi hudai kivuli kipotee kwenye picha ndipo ihesabiwe kupona. Ukihesabu meno yaliyotibiwa mzizi ambayo bado yapo na yanatafuna, tofauti hiyo karibu inafutika.

Halafu jino lako lina kamba nyembamba kati yake na mfupa, ndiyo inayokuambia umeuma kijiwe kwenye wali. Implanti haina. Na kurudia kukishindwa, implanti bado unaweza kuweka baadaye. Ukishang'oa, hakuna cha kurudia.

Bint Ngamiani

Na lile daraja, jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani?

Tabibu wa Zamu

Daraja huchonga meno mawili ya jirani. Kama jirani zake tayari yana vijazio vikubwa, sawa. Kama ni mazima, naona uchungu kuyachonga.

MwanaMagomeni

Wadau, mrejesho. Nimepiga CBCT. Mfereji wa nne upo, haujaguswa kabisa, na kivuli kimekaa juu ya mzizi huohuo. Fizi imepimwa, kijiti hakijazama popote. Daktari wa pili amekubali kurudia, na nimemuuliza kuhusu hadubini, anayo. Nimeshika njia hiyo. Maswali mawili: anamaliza siku moja au anaweka dawa kwanza? Na kofia naweza kuisubirisha mpaka mwisho wa mwezi ujao mshahara utulie?

Tabibu wa Zamu

Kwa usaha unaotiririka wengi wetu huweka dawa ya kalsiamu haidroksaidi ndani ya mifereji, wiki moja mbili, kijipu kifunge kwanza. Wapo wanaomaliza siku moja na wanafaulu, usigombane naye kwa hilo. Gombana naye asipoweka ile karatasi ya mpira inayotenga jino na mate wakati wa kazi.

Kofia, mwisho wa mwezi ujao inavumilika, ila mwambie azibe vizuri kwa kijazio cha kudumu, asiache pamba na kile kilaini cha muda. Tafunia upande wa kushoto mpaka ivishwe. Picha ya kuangalia kivuli ni baada ya mwaka mmoja. Kikiwa kinapungua ila hakijaisha, usikubali kung'olewa, mfupa unaweza kuchukua mpaka miaka 4 kujaa.

Chuma Chakavu

Sawa, nimeshindwa hoja. Ila bei halisi utuletee ukimaliza, na jina la kliniki nitumie inbox, mke wangu analo kama hilo hilo.