Gumzo la kikundi: Mashetani Wekundu Barabara ya 12

*Alhamisi, 10 Agosti 2023*

[07:58] Mwajuma Katibu: Assalam alaykum wanakikundi, habari za asubuhi. Jumatatu saa 4 usiku Man United yetu tunafungua ligi ya England na Wolves, kwetu Old Trafford. King'amuzi hakina kifurushi tangu ile fainali ya City. Na bango limepauka, nyuso hazionekani. Mchango 5,000 kila mtu, NA YA KUTOLEA. Mwisho Jumamosi saa 6 mchana.

[07:59] Mwajuma Katibu: Fundi wa mabango anataka 60,000, na hagusi mashine mpaka aone nusu yake mkononi.

[08:01] Mwajuma Katibu: Halafu picha. Kati anakaa Bruno na kitambaa chake cha unahodha. Maguire beki, nahodha wa zamani, anatoka. West Ham wameshakubaliwa kumnunua pauni milioni 30, kilichobaki ni yeye na mshahara wake. Sitaki tuchape bango la mchezaji wa watu. Mwenye neno aseme leo.

[09:41] Mwajuma Katibu: Naona alama za bluu tu. Hata "sawa" hamna?

[09:55] Bi Tatu: Bagia za moto na chatne ya nazi zipo mpaka saa 5. Karibuni.

[09:56] Mwajuma Katibu: Bi Tatu, hili kundi la mpira mama yangu.

[09:58] Bi Tatu: Kwani wa mpira hawali?

[10:02] Zubeir: Niwekee za 1,000 Bi Tatu

[10:02] Shemeji Ally: Na mimi

[10:03] Mwajuma Katibu: Za bagia mnazo. Haya.

[12:17] Idi: Atoke hata leo! Pauni 190,000 kwa wiki mtu anapasha benchi moto. Msimu mzima uliopita ligi kaanza mechi 8. Kocha Ten Hag anamtoa Luke Shaw pembeni anampanga beki wa kati, beki wa milioni 80 anatazama kama sisi tu.

[12:20] Zubeir: Zidisha kwa elfu tatu tu, hiyo ni milioni 570 za kwetu. Kwa wiki.

[12:21] Shemeji Ally: Na Idi 5,000 hajatoa 😂

[12:34] Saidi Mhasibu: Ya mshahara sawa, ila hesabu ya kumuuza watu mnaikosea. Jana kibaraza watu wanalia hasara ya milioni 50. Siyo. Alinunuliwa 80 mwaka 2019 kwa mkataba wa miaka sita. Kwenye vitabu anapungua milioni 13 na kitu kila mwaka. Miaka minne imepita, amebaki kama 26.7. Ukimuuza 30, vitabu vinasoma faida ya milioni tatu na kitu. Ndiyo maana klabu inataka auzwe sasa, mwakani hesabu hii haitakuwa na mnunuzi.

[12:36] Zubeir: Saidi wewe unatakiwa Old Trafford, bandarini umepotea njia

[12:38] Mama Fatu: Kwa hiyo hata klabu haina hasara. Basi mnamtukania nini?

[12:51] Idi: Tunamtukania ile mechi ya Brentford mwaka jana. Dakika 35 tushapigwa nne. Wiki iliyofuata kawekwa benchi, mabeki wenzake Varane na Martinez wakaanza, tukamfunga Liverpool 2-1. Ushahidi gani tena?

[12:55] Mama Fatu: Brentford bao la kwanza kipa De Gea kaliachia mwenyewe. La pili pia pasi yake. Sevilla kule, De Gea huyo huyo kampa mpira amezungukwa. Mbona De Gea kaondoka na maua?

[13:10] Shemeji Ally: Mnamkumbuka yule mbunge wa Ghana, Adongo? Alisimama bungeni mwaka jana akamfananisha makamu wa rais wao na Maguire. Bunge zima hoi.

[13:11] Zubeir: 😂😂😂 nilicheka mpaka nikakosa daladala

[13:11] Idi: Tuma hiyo video

[13:12] Shemeji Ally: (video)

[13:40] Mwajuma Katibu: Nimeuliza bango, nimeletewa bunge la Ghana. Jamani fundi ananipigia.

[18:26] Zubeir: Tuko Mkwakwani, Ngao ya Jamii, Simba na Singida. Mengine kesho.

*Ijumaa, 11 Agosti 2023*

[08:12] Mwajuma Katibu: Waliotoa mpaka sasa: Saidi, Mama Fatu, Bi Tatu, mimi. Bi Tatu asiyejua hata namba ya Rashford katoa. Wanaume wa kundi mko wapi?

[08:15] Bi Tatu: Namjua Rashford. Yule mrefu wa shoto.

[08:15] Bi Tatu: *kushoto anakocheza

[10:30] Idi: Mimi natoa, lakini kwanza tusomewe hesabu ya mwaka juzi.

[10:31] Mwajuma Katibu: Idi.

[10:31] Mwajuma Katibu: Hesabu ya mwaka juzi unayo wewe. Jenereta lilikwenda Muheza na nani?

[10:33] Idi: Lilikuwa bovu, nililipeleka kwa fundi. Mbona hili neno haliishi?

[10:34] Mama Fatu: Halirudi ndiyo maana haliishi.

[10:34] Shemeji Ally: Eeeh jenereta limefufuka

[10:36] Idi: Na ile usiku ya Europa, umeme umekatika, nani alileta betri ya gari? Hilo hamlisemi.

[10:37] Mama Fatu: Betri ilikuwa ya gari la Hemedi.

[10:52] Saidi Mhasibu: Naomba jenereta tulikalie kikao, tusiliseme humu. Turudi kwa Maguire. Mimi naona asiondoke. Aprili pale na Sevilla, Varane na Martinez waliumia mechi moja. Mechi moja! Msimu huu kuna Klabu Bingwa juu ya ligi. Beki Jonny Evans wamemrudisha mazoezini na miaka yake 35, hilo tu linakuonyesha akiba tuliyonayo.

[11:05] Mwajuma Katibu: Saidi, mimi nataka aondoke kwa faida YAKE. Watu wananielewa vibaya. Mtu alivaa kitambaa miaka mitatu na nusu, kavuliwa mwezi uliopita, siku chache baadaye anaingia chumba kile kile anamtazama Bruno anakifunga. Mwakani kuna Euro kule Ujerumani. Asipocheza, Southgate kocha wa England atambeba mpaka lini? West Ham atacheza kila wiki, wana Ligi ya Europa, kocha wao Moyes anamtaka. Anapotakiwa ndiko aende.

[11:06] Idi: Moyes huyu huyu aliyekuwa kocha wetu akatushusha mpaka tukamaliza wa saba? Wanafaana.

[11:09] Mama Fatu: Idi mdomo huo.

[11:14] Zubeir: Ila hata yeye hatoki bila chake. Mkataba unaisha 2025, West Ham hawafiki mshahara ule, basi anataka United wamfidie pengo. Ndipo ilipokwama.

[11:15] Idi: Tamaa

[11:16] Saidi Mhasibu: Siyo tamaa. Mkataba walisaini wawili. Ukiambiwa kazini kwako hama uende kwa mshahara mdogo na anayekuhamisha ndiye aliyekuahidi ule mkubwa, utahama mikono mitupu?

[11:20] Idi: Mimi wangenipa nauli tu ningehama

[11:21] Shemeji Ally: Ungehama na jenereta

[11:21] Zubeir: 🤣🤣🤣🤣

[11:22] Idi ameondoka

[11:30] Mwajuma Katibu: Shemeji Ally umefurahi? Hiyo 5,000 yake utatoa wewe.

[11:44] Mwajuma Katibu amemwongeza Idi

*Jumamosi, 12 Agosti 2023*

[05:52] Mzee Kombo: Assalam alaykum wanangu. Nimesoma yote tangu juzi. Sikutaka kusema kwa sababu nyinyi ndio vijana na mpira wa huko mnaujua kunizidi. Lakini bango linatundikwa ukutani kwangu, na juu ya ukuta wangu nina neno.

[05:58] Mzee Kombo: Mwaka 1988 Coastal Union yetu ya Tanga inachukua ubingwa nilikuwepo, na miaka kabla ya hapo nilikuwepo pia. Nimemwona beki anatukaniwa mama yake na watu waliomnunulia soda wiki ile. Yule mtu akawa hapiti tena njia ya sokoni, anazungukia relini. Mpira aliuacha bado ana nguvu.

[06:03] Mzee Kombo: Huyu kijana mwaka jana mwezi wa nne alitishiwa bomu nyumbani kwake. Polisi wakaenda na mbwa kupekua bustani. Ana watoto wa kike wadogo. Kwa sababu ya mpira. Bei ya milioni 80 hakujipangia, walipanga Leicester na United. Mshahara aliandikiwa, akasaini kama ambavyo kila mmoja wenu angesaini. Kavuliwa unahodha, akaandika maneno ya heshima, akarudi mazoezini. Sijasikia kamjibu mtu vibaya.

[06:04] Mzee Kombo: Akienda West Ham, nitaishusha picha mwenyewe kwa mkono wangu. Maadamu bado ni mchezaji wetu, haondolewi ukutani kwangu. Na Idi, njoo baada ya adhuhuri, tuongee mimi na wewe.

[06:40] Saidi Mhasibu: Shikamoo mzee. Tumesikia.

[06:58] Mama Fatu: Shikamoo baba. Allah akuweke.

[07:15] Zubeir: Shikamoo babu 🙏

[08:30] Mwajuma Katibu: Shikamoo ami. Neno lako nimelipokea. Ila ami, fundi anataka picha saa 6 mchana, na huyu mtu anaweza kuuzwa Jumanne, dirisha liko wazi mpaka Septemba. Tukimchapa akaondoka, tumetupa 60,000 za watu.

[08:47] Mzee Kombo: Marahaba. Basi fundi asubiri.

[09:05] Mwajuma Katibu: Sawa ami.

[11:20] Mwajuma Katibu: Nimempa fundi 25,000, ndizo zilizopo. Nimemwambia picha baadaye. Amenuna lakini kapokea. Kifurushi BADO. Naomba Jumatatu tusije tukatazama ukuta.

[11:21] Shemeji Ally: Nahodha wa zamani atakuwepo ukutani

[11:21] Mwajuma Katibu: Ally!

*Jumapili, 13 Agosti 2023*

[15:03] Zubeir: Nani ana tiketi ya ziada Mkwakwani? Mji umefunga, watu wametoka mpaka Moshi

[15:04] Shemeji Ally: Yanga leo mnalia

[15:04] Mama Fatu: Tutaona

[15:30] Mwajuma Katibu: Tiketi ya Ngao mnazo, 5,000 ya kifurushi hamna. Nawaandika majina.

[21:52] Zubeir: NGAO YA SIMBAAAA 🦁🦁 penati 3-1 kipa Ally Salim mtu mbaya

[21:53] Shemeji Ally: Mama Fatu uko wapi

[21:53] Shemeji Ally: Mama Fatu

[21:58] Mama Fatu: Kundi la Man U hili.

[23:47] Hemedi Muscat: Salaam ndugu zangu, nilikuwa zamu. Bango gani hilo?

[23:49] Hemedi Muscat: Na betri yangu ya gari nani anaisema?

*Jumatatu, 14 Agosti 2023*

[07:10] Mwajuma Katibu: Hemedi soma juu. Unatoa 5,000 kama wengine, wewe wa riali utoe hata 20,000.

[12:33] Hemedi Muscat: Natuma jioni inshallah. Ila mimi nasema Maguire asiuzwe, kichwa kile kona dakika za mwisho mtakuja kukitafuta.

[12:40] Saidi Mhasibu: Ndicho ninachosema.

[16:05] Mwajuma Katibu: Kifurushi nimelipia kwa hela yangu. Mnanidai nini, nawadai nyinyi. Tunakaa kwa Mzee Kombo, mikeka mje nayo.

[17:18] Idi: Nimetuma 3,000. Nyingine mwisho wa mwezi. Mzee nimemwona, tumeongea.

[17:20] Mwajuma Katibu: Imefika 3,000 kamili. Ya kutolea?

[17:41] Idi: Na huyo beki nimesema kwa mzee na narudia hapa. Matusi nimeacha. Ila kucheza asicheze.

[21:04] Zubeir: Kikosi hicho. Varane na Martinez kati. Maguire hayumo kumi na moja.

[21:05] Mama Fatu: Nilijua.

[21:09] Mwajuma Katibu: Fundi kapiga tena. Anasema kesho asubuhi anipe jibu au hela anazifanyia kazi nyingine. Ami Kombo, nimwambie nini?

[21:11] Bi Tatu: Kahawa na kashata zipo, nazileta barazani

[21:26] Mwajuma Katibu: Ami?

[21:31] Saidi Mhasibu: Mzee yuko hapa anatandika mikeka, simu kaacha ndani. Njoo umuulize, na uje na rimoti, iko kwako.