Tupeane uzoefu: kuchuliwa (masaji) kumekusaidia nini?

Fundi cherehani: Habari za jioni wakuu. Naomba tukusanye uzoefu wetu hapa, maana mjini ukitaja masaji tu watu wanawaza mambo mengine kabisa, wakati bibi zetu wamechua watu miaka nenda rudi na watu wakapona. Mimi nashona, nakaa kwenye cherehani toka asubuhi, bega la kulia lilikaza mpaka kuchana nywele ikawa kazi, dawa za maumivu nikameza mpaka tumbo likaanza kuwaka. Kuna mama jirani, mtu wa Pangani, ndo ananichua kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Hakimbilii panapouma, anaanzia mbali, mkononi, anapanda shingoni, anazunguka weee, ndo anatua kwenye fundo lenyewe na kidole gumba, anakandamiza anatulia hapo hapo, ananiambia vuta pumzi, toa, unasikia kabisa linalegea taratibu. Usiku nalala. Januari kwenye sare za shule bega linarudi kuuma ila vidonge nimeachana navyo. Karibuni.

Dereva wa masafa: Kiuno mzee. Sisi wa Dar - Tunduma kiuno ndo kinaanza kustaafu kabla yetu. Nilienda kwa fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) hospitali, akanichua mgongo, pembeni pembeni ya uti wa mgongo, mfupa wenyewe hagusi, af akanipa na mazoezi ya kufanya nikisimama mizani. Kuchuliwa peke yake nilikuwa napata nafuu kidogo tu, nilivyochanganya na mazoezi ndo nikaona tofauti.

Mama mapacha: Wanangu walizaliwa njiti. Tulikaa nao kifuani kangaruu, walivyotulia nesi akanifundisha kuwapapasa kwa kiganja, mgongo, miguu, polepole. Nyumbani mama mkwe akataka awanyooshe viungo, avute mikono na kuwageuza miguu juu kichwa chini kama walivyozoea wao, nikamwambia mama kwa heshima zote hawa bado wadogo mno, tuwapake mafuta tu kwanza. Akanielewa, na sa hivi yeye ndo anawapaka kila jioni, wakishapakwa wanalala fofofo.

Nesi mstaafu: Mama mapacha umefanya vema sana. Hilo la njiti lilishafanyiwa utafiti Marekani, matokeo yakatoka 1986, wale waliochuliwa kwa upole mara 3 kwa siku kasi yao ya kuongezeka uzito kwa siku iliwazidi wenzao kwa asilimia 47. Na dereva, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani kule kule Marekani mwaka 2017 kiliiweka masaji kwenye mambo ya kujaribu kabla ya vidonge kwa kiuno kilichoanza kuuma karibuni. Kwahiyo faida ipo, msuli unalegea, maumivu yanapungua, usingizi unakuja. Ila anayekwambia inatoa sumu mwilini anakudanganya, hiyo ni kazi ya figo na ini.

Sasa naomba hapa mnisikilize. Mguu mmoja ukivimba, una moto na unauma, USICHUE. Hasa mama aliyetoka kujifungua, mtu aliyefanyiwa operesheni, aliyetolewa plasta ngumu ya mguu uliovunjika, au aliyesafiri masaa mengi amekaa. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, ukiuchua bonge linang'oka linakimbilia kwenye mapafu na mtu anaweza kufa hapo hapo. Mpelekeni hospitali. Na nyie vijana mnaovunjwa shingo kwa kinyozi ile "kaa!" mnafurahi, mshipa wa shingoni ukichanika unapata kiharusi na ujana wako wote, mwambie akuchue mabega aishie hapo.

Beki wa kulia: Nyongeza, kifundo kikiteguka usikubali kuchuliwa siku hiyo hiyo, weka barafu, nyanyua mguu, na kama huwezi kuukanyagia kapige picha kwanza maana inaweza kuwa umevunjika.

Kifungua mimba: Baba yangu alipata kiharusi, mkono wa kushoto ulijikunja ngumi, kucha zikawa zinamchoma kiganjani. Fizio akanionyesha, naanza kuchua toka kwenye kiwiko, nashuka, nabonyeza pale chini ya dole gumba, ngumi inaanza kufunguka kidole kimoja kimoja, hapo hapo namkata kucha na kumfuta kiganja. Sijasema mkono umepona, haujapona, na dawa za presha anakunywa kila siku. Ila mzee alikuwa haongei na mtu, siku hizi ikifika saa yake ananiita mwenyewe, na tunapiga stori mpaka namaliza.

Fundi cherehani: Nesi nimekusoma, asante. Swali, mama yangu ana presha, naye anaruhusiwa?

Nesi mstaafu: Kama presha imetulia na dawa anakunywa, anaruhusiwa, mchueni kwa upole. Akimaliza asiinuke ghafla, akae kwanza kitandani dakika kadhaa maana anaweza kusikia kizunguzungu akaanguka.